Uzito wa Tenga

Editruda ananisomea kwa sauti ya chini,
kalamu ikingoja juu ya kisanduku:
"Najiona mvivu kwa sababu ya unene wangu.
Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali kabisa.
Wewe uko wapi, mama?"

Mimi niko Kirumba, mwaloni, tangu saa kumi alfajiri.
Nimepima sangara wa watu kumi na wawili,
nimenyanyua, nimebishana, nimejaza daftari,
mikono bado inanuka shombo.
Hilo lina namba gani?

Anatabasamu. Anarudia swali.
Nasema nne.
Sijui kwa nini nimesema nne.

Mizani yangu inaning'inia kwenye boriti,
uso wa saa, mshale mwekundu,
na stika ya mkaguzi ubavuni.
Mvuvi akishusha mzigo, kabla ya bei,
kabla hata salamu haijafika kwa watoto,
kwanza toa tenga.
Kilo mbili za fito na maji ya ziwa, zitoe.
Hakuna mtu anayekula tenga.

"Naepuka mahali ambapo watu watanitazama."

Kivuko cha Kamanga. Kijana wa kamba:
"Bonge, kaa katikati, tusije tukalalia upande!"
Wakacheka abiria, nami nikacheka,
nikawazidi wote, ili kicheko kiwe changu.
Ng'ambo alikuwa amelala shangazi yangu, anasubiri kuzikwa.
Tangu siku ile misiba ya ng'ambo
naituma rambirambi kwa simu.
Andika tano.

Kwetu Magu waliniambia, Minza umenawiri,
na wakamsifu mume wangu kana kwamba kaninenepesha yeye.
Hapa mjini neno lilelile wanaligeuza kama chapati:
upande wa pili umeungua.

"Najilaumu mwenyewe kwa uzito wangu."
Nijilaumu tena?
Daktari wa presha alinilaumu sijakaa.
Kiti cha plastiki kilinilaumu, kikatanua miguu.
Fundi Kashinje aliunganisha futi mbili kunipima kiuno,
hakusema neno, mungu ambariki,
ila kimya chake nilikibeba kwa miguu mpaka Pasiansi.
Usiku nikiwa peke yangu
hakuna aliyebaki wa kunisema,
nikajisema mimi, kwa sauti zao zote,
na ile ya kijana wa kamba niliipatia hasa.

Editruda ameacha kuandika.

Halafu anajumlisha, midomo ikihesabu:
arobaini na saba kati ya sitini.
Nasema, binti yangu,
katika hiyo arobaini na saba, tenga ni ngapi?
Anaigeuza fomu. Nyuma ni nyeupe.
"Swali hilo halimo," anasema,
na simlaumu, maana analiandika pembeni,
kwa mwandiko mdogo, nje ya visanduku.

Imebaki mizani ya miguu, kule pembeni ya pazia.
"Vua viatu, mama, tupate uzito wako halisi."
Navua viatu.
Naweka mezani simu, funguo za banda,
mtandio, sarafu za chenji ya asubuhi.
Napanda.
Mshale unaondoka mbio
kabla sijamaliza kuvua.