Gia ya Pili

Bwana Mnunduma amekuja nalo kwa gia ya kwanza tupu,
likilia njia nzima kutoka bondeni,
pikipiki la idara ya kilimo, refu kama mtu mwenye kiburi,
salfa ya mikorosho imeganda kwenye mapezi ya silinda.
"Somoe, gia ya pili inanikimbia.
Nikiiweka inakubali. Nikipanda mlima inatema."

Usinitajie ugonjwa, namwambia. Nitajie dalili.
Inatema ukikaza mafuta, au ukiachia?
Injini inapiga kelele huku tairi likizembea,
au inaruka kwa mlio, ka! kama kuni kavu?
Anajikuna shingo.
Ka, anasema. Kama kuni.

Basi si klachi.
Hata hivyo napima wenzo wake,
ucheze unene wa sarafu kabla waya haujavuta.
Wengi wamepasua injini nzima
kumbe waya tu ulikuwa umebana.
Cheni imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Naikaza.
Meno ya spoketi yamechongoka. Naandika.

Nawasha, nangoja lipate joto:
vuta, bana, lipua, tema,
midundo minne, na ni mmoja tu unaofanya kazi,
watatu wanakula naye.
Ncha ya bisibisi naiweka kwenye kasha la gia,
mpini wake sikioni.
Humo ndani kuna mtu anasaga mawe.

Oili humwagwa ingali moto, itoke na taka zake.
Nafungua bolti ya chini. Inatiririka nyepesi kama chai ya rangi.
Nani kakuuzia oili ya gari?
Hapa injini, klachi na gia wananywa kikombe kimoja;
kinachomfaa huyu chaweza kumlevya yule.
Nazamisha sumaku: inaibuka na ndevu za chuma.

Tunashusha injini.
Kitangari ndoo ya maji ina bei,
kwa hiyo naosha kwa mafuta ya taa
na mswaki ambao mwanangu ameuacha.
Napasua kasha. Shafti mbili zimelala ubavu kwa ubavu.
Pembe za meno ya gia ya pili
zimelika, laini kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi.
Uma umepinda, umeungua hadi umekuwa wa buluu.
Na nyuma ya gia, mahali pa washa,
kuna kibati kilichokatwa kwa mkasi,
kina nusu ya herufi nyekundu
ya kopo la maziwa.

Herufi hiyo naijua.
Mwaka juzi, msimu wa mnada wa korosho, usiku,
tochi ya simu nimeiuma kwa meno.
Washa ilidondoka, na mchanga wa hapa haurudishi kitu.
Dereva alikuwa mwingine, kahamishiwa Liwale siku hizi.
Alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na njaa.
Nikasema, itashika.

Ilishika.
Ilishika mpaka ikakata uma.

Bwana Mnunduma amekalia tairi, anamenya muhogo,
hatazami huku.
Naweza kukitupa.
Naweza kumlaani fundi fulani asiyejulikana
na kuongeza elfu thelathini juu ya laana.
Mficha uchi hazai, alikuwa akisema mama,
ingawa yeye hakuwahi kufungua injini.

Nilimwekea kibati kiganjani.
"Fundi aliyefanya hivi ni mimi."

Akakigeuza upande huu, upande ule,
kama mtu anayesoma barua fupi mno.
"Basi gia utanunua wewe."
"Nitanunua. Itakuja kwa basi kutoka Mtwara, kesho kutwa."
"Na washa?"
"Washa mbili. Moja ya kuweka, moja ya kupotea."

Hakucheka.
Nikaingia ndani, nikatoa shuka jeupe,
nikalitandika mchangani chini ya benchi
kabla sijagusa bolti nyingine.