Nyuma ya Fomu za Forodha

Swabra Bakathir aliandika filamu yake ya kwanza
nyuma ya fomu za forodha,
ofisini Kilindini, bosi akiwa msikitini.
Ukigeuza ukurasa wa mapenzi
wakuta kontena la vigae, uzito, ushuru uliolipwa.

Kamera tuliazima kwa mpiga picha wa harusi,
Jumatatu tu, siku asiyoitwa.
Ndani yake tulimkuta bibi harusi wa watu, analia.
Swabra alimtazama mara tatu. Hakumfuta.
"Huyu," akasema, "haigizi."

Mimi nilishika maikrofoni
niliyoifunga kwenye mti wa kufagilia utando.
Miaka kumi na minne mkono huu uko juu.
Bega limepinda; fundi wa kanzu
hunipima mara mbili, upande kwa upande.

Filamu ya pili ilikula bangili za mamake.
Ya tatu ilikula mkopo wa chama, ikala na mume.
Akaja tajiri kutoka Nairobi, ananukia,
pesa ziko, asema, ila mwisho ubadilike:
yule mama arudi kwa wanawe, watu walie wafurahi.
"Wamjua mama huyo?" Swabra akamuuliza.
"Mimi namjua. Hakurudi."

Filamu ikaalikwa ughaibuni, yeye akanyimwa viza.
Kazi ikapanda ndege bila mwenyewe.
Kikaletwa cheti, jina limekosewa: Sabra.
"Subira wamenipa," akasema,
"heri yenyewe i wapi?"
Akakifunikia mtungi wa maji.

Na ile ya nne, Tudor, shuka ukutani,
watu mikekani, viazi karai vyanukia.
Dakika ya arobaini stima zikapotea.
Nikangoja mikeka ikung'utwe.
Gizani mwanamke akasema,
"Sasa atamwambia: ufunguo uwache mlangoni."
"Thubutu!" mwingine akadakia. "Atanyamaza.
Ataosha vyombo vyote, mpaka vilivyo safi."
Wakabishana, wakapokezana sauti,
mzee mmoja akawa mume, akazomewa;
filamu ikaisha mara tano
na hakuna mwisho hata mmoja uliokuwa wetu.

Swabra akaniinamia sikioni:
"Umenasa sauti?"
Betri ilikuwa imekufa tangu magharibi.

Hakunilaumu. Aliomba kalamu,
akapekua mkoba, nikamwashia simu:
friji kuukuu, kumi na mbili, bandari ya kutoka haisomeki.
Akaigeuza.