Kikombe Namba Kumi na Saba

Miaka thelathini na mmoja nimeonja kahawa za watu
hapa Moshi, chumba cha nyuma ya mnada,
kijiko mkononi, kopo la kutemea miguuni.
Vikombe havikuwa na majina, vilikuwa na namba.
Huambiwi hii ya Machame, hii ya Kibosho,
hii ya mjane, hii ya bwana mwenye matrekta.
Unavuta kwa kelele kama mtoto asiyefunzwa,
unazungusha kinywani, unatema, unaandika.
Ulimi hauna shemeji.

Sasa nimestaafu, na Ndewario mwenye jarida
kaniletea sidii mbili za opera.
"Wewe," kasema, "si ulizoea kutoa alama?"
Opera ni ile ile moja: mwanamke kifua kimemla,
tendo la mwisho anakufa, na anaimba
kuliko sisi wazima.
Moja imerekodiwa zamani, imeoshwa,
mikwaruzo imepepetwa kama pumba.
Nyingine ya mwaka juzi.
Maneno mia tatu. Nyota, moja hadi tano.

Niseme kweli: ile ya zamani naijua tangu kaptula.
Baba alimpikia Mgiriki mmoja kule Shanty Town,
na Jumapili, madirisha wazi, santuri ikizunguka,
mimi jikoni namenya viazi
nikidhani yule mama anayelia sebuleni
ameponzwa na vitunguu vya baba.
Kwa hiyo kalamu ilishafika kwenye nyota ya tano
sidii ikiwa bado imo kwenye nailoni.

Nikajikemea. Nikamwita mjukuu.
Eliaichi, nifunge macho na kanga ya bibi yako,
weka moja, halafu nyingine, usiseme ipi ni ipi.
Namba tu.

Namba moja ikapita. Nzuri. Nikahesabu makosa mawili.
Namba mbili, pale anapoomba apewe siku moja zaidi,
koo likanibana, nikanusa maganda ya viazi,
nikaona aproni ya baba imening'inia msumarini.
Hii! nikasema. Hii ndiyo ya Mgiriki!
Mtoto akanyamaza kidogo, akaguna.
"Babu. Hiyo ni ya mwaka juzi."

Sikuifungua kanga.

Kuna kikombe kimoja, namba kumi na saba,
Novemba ya mwaka nisiopenda kuutaja.
Nilivuta, nikatema upesi.
Nikaandika: *ukungu, kichanja kibichi, daraja la chini.*
Mkono haukutetemeka. Kwa nini utetemeke?
Krismasi nikapanda Kibosho, mama akanipa ndizi,
akasema chama chetu mwaka huu kimepigwa bei,
kahawa ililowa vichanjani siku nne
haina wa kuifunika,
watu wote walikuwa hapa, kwenye msiba wa baba yako.

Nami nilikuwepo. Nilikaa kwenye mkeka uani,
nikisikia mvua juu ya mabati,
nikipokea mikono ya watu wale wale.

Nilionja sawasawa. Leo ukinipa kikombe kile
nitakitema tena, nitaandika maneno yale yale,
na sitalala.

Basi Ndewario, pokea.
Ya mwaka juzi: sauti imekomaa, wapiga fidla wanaharakisha,
pumzi zinasikika mno, kama mtu kwenye simu. Nyota nne.
Ya zamani: anakosa noti ya juu, hajali,
kifo chake kina haraka ya mtu mwenye kazi nyumbani. Nyota nne.
Na chini, kwa herufi ndogo, nimeongeza:
mhakiki alifungwa macho akakosea;
mhakiki alikuwa akimenya viazi.

Najua utaikata mistari hiyo.
Imezidi maneno manane,
na msomaji, utasema, anataka kujua anunue ipi.

"Babu," Eliaichi anauliza, "nikufungue?"
Bado. Rudia pale pa siku moja zaidi.
Ipi?
Yoyote.