Nili Kwenye Shavu la Bi Somoe

Mfaume Nandonde alileta picha ya kitambulisho,
ndogo kama stempu, pembe moja imeliwa na maji.
"Ni mama. Mkuze. Na umng'arishe kidogo,
hii imemfanya mweusi kuliko alivyokuwa."
Akaacha nusu ya hela, ya korosho za mnada wa kwanza,
akavuka barabara kuelekea stendi ya Newala.

Mimi huchora vibao: kinyozi, duka la dawa,
jogoo wa chipsi kuku mwenye meno.
Nikafungua kopo la kahawia, nikampaka uso mzima
kwa mkupuo. Nikapata mlango wenye macho.

Basi nikaenda kwake, Luchingu.
Chumba kimefagiliwa. Kiti chake kingali pale.
Saa kumi jua likapenya matundu ya misumari kwenye bati,
likadondoka vipande vipande sakafuni,
likapanda mguu wa kiti taratibu
kama mtu anayekuja kuomba radhi.

Nilikuwa nimekosea tangu kopo.

Nikachanganya upya. Majivu karibu na sikio,
maana kijivu ni majivu tu, naye aliota moto
asubuhi nyingi za kipupwe cha huku juu.
Manjano, yale yale ya mchuzi, chini ya jicho.
Damu ya mzee kwenye mkunjo wa mdomo
pale alipozoea kulizuia neno.
Na kivulini, shavu la kushoto, nili:
ile ya kufulia, chembe moja ndani ya mafuta.

Nuru niliiweka mahali pamoja, begani,
kwenye ukingo wa kanga.
Uso nikauacha uitafute.

Mfaume alipokuja hakukaa.
"Mama hakuwa wa buluu."
Sikubishana. Nilimshika mkono, nikausogeza mlangoni,
kiganja juu. Tazama hapo, chini ya kidole gumba.
Akatazama: vumbi jekundu kwenye kucha,
vidole vimeunguzwa na mafuta ya maganda ya korosho,
na kwenye bonde la kiganja, kivulini,
buluu yake mwenyewe.

Akanyamaza mpaka lori la maji likapita.
"Nani alikwambia habari za siku ile?"

Siku ipi, sijui. Sikuuliza.
Alilipa iliyobaki, akakataa gazeti la kufungia,
akaibeba mgongoni, uso ukinitazama mimi.
Jua la saa sita halina adabu:
lilikula mdomo kwanza, likala macho.
Bega ndilo lililobaki, hadi kona ya benki.