Neno Wazi

Sista Wayua alilitamka huku akitafuta kalamu:
mgongo wazi.
Nikaitikia "sawa"
kama niliyesomewa nambari ya gari linaloingia.

Ni kazi yangu. Mwaka wa sita nalinda lango
la jumba la ghorofa kumi na moja, Kilimani,
na neno hilo nalitumia kutwa kucha:
lango wazi, buti wazi, nafasi moja wazi karibu na lifti.
Shuleni mwalimu Omwenga alisema wazi ni sifa kaidi,
haiguswi na ngeli:
mlango wazi, milango wazi, kaburi wazi, macho wazi.
Hukunitajia, mwalimu,
mgongo.

Kwamboka alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani.
Mtoto nilionyeshwa kifudifudi.
Chini kiunoni, pale ambapo ningemshika kumbeulisha,
palikuwa na kifuko chembamba kama ganda la kitunguu,
na ndani yake kitu king'aacho
ambacho hakikupaswa kuonwa na mtu.

Daktari Nekesa akanipa jina la Kilatini, spina bifida.
Spina, alisema, ni uti wa mgongo,
na zamani ni mwiba pia.
Nilimshukuru. Mwiba niliuelewa.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Nyamira.
"Ugonjwa gani?"
Nikamwambia. Akanyamaza, salio lake likizidi kuliwa.
"Basi mambo yako wazi," akasema.
Hakusema mambo gani.
Kuna aliyekosea mahali, imebaki kumtaja tu.
Daktari alikuwa ameeleza: uti hujifunga mwezi wa kwanza,
mama mwenyewe hajajua kama ana mimba.
Nikahesabu nyuma hadi mwezi ule.
Nilikuwa zamu ya usiku.
Sikumbuki kuacha lango lolote.

Wodini:
"Mgongo wazi wa kitanda cha tisa amenyonya?"
"Mgongo wazi apelekwe picha."
Siku tatu. Ya nne nikasimama, kofia ya kazi mkononi:
"Sista, ana jina. Anaitwa Bosibori."
Akanitazama, akachukua kalamu,
akaliandika kwa herufi kubwa kwenye plasta ya mkono.
Kesho yake nikamsikia:
"Bosibori mgongo wazi amenyonya?"
Hatua ni hatua.

Walimshona Jumanne.
Mshono mnyoofu, mwekundu,
kazi ya mtu asiye na haraka.
"Sasa umefungwa," nikasema. "Mlifute lile neno kwenye kadi."
Sista Wayua akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi.
"Jina la ugonjwa halifungwi na uzi, baba Bosi.
Miguu yake haijaambiwa kwamba mgongo umefungwa."

Ana miaka minne. Twaishi Umoja, chumba cha chini,
kwa sababu ya ngazi.
Kila baada ya saa nne Kwamboka humpitishia mrija
akimhesabia moja hadi ishirini,
naye hudakia kumi na saba, anayoipenda.
Watoto wa ploti wakimuuliza mbona hatembei,
hujibu, "Nina mgongo wazi,"
kama anayesema nina kaka, nina viatu,
kisha huwapita koridoni kwa kigari chake
na ole wake mwenye vidole sakafuni.

Jumapili iliyopita nilikwenda naye kazini.
Nikamkalisha kibandani, karibu na kitufe.
Gari la ghorofa ya sita likapiga honi.
Kabla sijainuka akabonyeza,
akapiga kelele kwa sauti yangu mwenyewe, ya zamu:
"Wazi!"

Nikafungua daftari la matukio.
Saa nne na dakika kumi. Lango: wazi.
Kwenye safu ya aliyefungua
niliandika jina lake lote.
La ukoo likakosa nafasi,
nikalimalizia pembeni, nje ya mstari.