Samahani, Wasomaji

Toleo la thelathini na nane halitatoka kwa Lihanda.
Nilipita kiwandani kwake, nyuma ya soko la Kakamega,
nikamkuta akihesabu kadi za harusi,
wino umemganda kwenye kucha kama miaka yote ile.
"Rimu moja," akasema, akanitajia bei,
kisha akanigeuzia mgongo, asione ninavyoipokea.

Tulikuwa tisini na wawili. Sasa tu kumi na mmoja
tunaolipa ada, na wawili kati yetu hulipa kwa asali.
Chama cha Watazama Nondo.
Watu walicheka: nondo zipi, za kujengea?
Hatukukasirika. Jarida tukaliita *Nondo*, hivyo hivyo,
na kila mwaka hakukosa mtu wa Mumias
wa kutuandikia barua akiulizia bei ya milimita kumi na mbili.

Kazi yetu ilikuwa hii: shuka jeupe kati ya miti miwili
ukingoni mwa msitu, karabai nyuma yake,
nasi kimya, madaftari magotini.
Walikuja wa rangi ya jivu, walikuja wa kijani cha mrenda,
na usiku mmoja akaja mkubwa kama kiganja,
macho manne mbawani,
hata moja haliona.

Muhonja ameleta mashine ya kunakili kurasa.
Ana miaka ishirini na mitatu, hajawahi kulamba stempu.
Toleo la kwanza, la stensili, Machi themanini na sita,
analilaza juu ya kioo kwa mikono miwili
kama anayemlaza mtoto wa mwenzake.
Mwanga unapita chini. Ukurasa umeshahama.
Mimi ulinichukua usiku kucha,
kwa taipureta iliyokosa herufi ya G:
kila "rangi" ilisubiri kalamu.

"Hapa pana doa," anasema. Toleo la ishirini na mbili, ukurasa wa tisa.
"Nilifute?"
Navaa miwani. Si doa, ni unga wa bawa.
Shamalla alikuwa akisoma kwenye taa, mmoja akatua,
naye akafunga jarida bila kujua.
Au akijua. Alikuwa mtu wa hivyo.
Tulimzika Shinyalu, mwaka wa ile mvua ya mawe.
"Liache," nasema, na Muhonja haulizi.

Ila ukurasa wa mwisho hakuuelewa.
*Samahani, Wasomaji. Tulisema dume; ni jike.
Tulisema jani la mtama; ni la wimbi.
Tulimwita Bwana Imbuga marehemu; yu hai,
na amefika ofisini kutuonyesha.*
Watu walilisoma jarida kuanzia huko nyuma. Mimi pia.
"Huu hautahitajika tena," akaniambia kwa upole.
"Kosa utalirekebisha palepale."
Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari njema
kwa lugha ya ukweni.

Bi Khavere wa Khayega ana kabambe, tochi na redio, basi.
Kwa hiyo Ijumaa jioni, nikishamaliza kupandisha makala,
nampigia, namsomea.
Husikiliza akipepeta kitu; nasikia ungo.
Wiki jana nilifika mahali pa nondo wa Isecheno,
"mistari miwili kwenye bawa la nyuma,"
ungo ukanyamaza.
"Mitatu," akasema.
Nikasikia mlango wa kabati, kioo kikigonga meza.
"Mitatu. Ninaye hapa."

Nikabonyeza. Miwili ikawa mitatu.
Hapakubaki kovu, wala tarehe,
wala mtu wa kuombwa samahani ila yeye,
nikamwomba.
"Soma," akasema, "salio lako linaisha."