Sanduku la Skolastika Mkawasi

Limebaki chini ya kitanda, Tudor,
kona moja imeliwa na kutu,
kufuli halifungi tangu Lisboni.
Nimetumwa mimi nilifungue
kwa kuwa, walisema, mimi ndiye sina haraka.

Pasi tatu, zimefungwa kwa utepe wa skapulari.
Ya kwanza ina picha ya msichana
aliyeteremka kutoka Bura, viatu mkononi
asije akavichakaza kabla ya kufika.
Kazi: yaya. Mwaka wa kuzaliwa: umekadiriwa.
Padre ndiye aliyeukadiria, akihesabu
kuanzia nzige walipokula mtama wote.

Bahari aliivuka kwanza kwa ajili ya watoto wa watu,
wanne wa Bwana Menezes, karani wa forodha.
Meli hadi Goa, watoto wakitapika,
yeye akitapika, rozari haikuanguka.
Huko, alisimulia, watu wanatia nazi kila chunguni
na padre wao anasali Kilatini kama wetu,
"basi nikajua sijapotea."

Baadaye alisafiri kwa nauli yake.
Miaka thelathini ya mahamri nje ya Hospitali Kuu,
mikono ina alama za mafuta kama ramani.
Kila hamri la ishirini, sarafu moja
iliingia kopo la Kimbo.
Kopo likijaa, Skolastika hayupo.
Namugongo, miguu ikavimba hata akarudi na kandambili za mtu.
Yerusalemu, akaligusa jiwe, akaliambia pole.
Roma, afisa akafungua sanduku hili hili
akakuta mabuyu mekundu, akauliza ni dawa gani.
Akampa moja. Akamumunya.
Akapiga muhuri.

Hapa ipo chupa ya sharubati, kizibo kimekazwa kwa nta.
Maji ya Lurdi. Nusu.
Nusu nyingine aliinywa Editha, bintiye,
kijiko asubuhi, kijiko jioni,
na Editha akafa siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha.
Jumapili tatu mama mtu alikaa benchi la nyuma
mikono ndani ya leso, hakukomunika.
Ya nne akasogea mbele.
Hakueleza, nasi hatukuthubutu.
Chupa aliirudisha sandukuni, akaiviringishia fulana
ya mtoto.

Bi Zuhra wa mlango wa pili alijua saa kwa sauti yake.
Adhana ya alfajiri humwamsha Skolastika,
naye husema, "Ahsante, jirani," kwa ukuta,
kisha huanza zake Salamu Maria.
Siku ukuta uliponyamaza
ni Bi Zuhra aliyegonga, akagonga,
akamwita fundi avunje komeo.
Ndiye pia aliyemfumba macho.
Padre alikuta ubani umeshafukizwa
na hakuuliza ni wa dini gani.

Lakini pasi ya tatu.
Aliichukua akiwa na miaka themanini na tisa,
alipanga foleni kwa mkongojo tangu saa kumi na mbili.
Picha walimkataza kucheka. Kacheka.
Wakati huo safari zake zilikuwa zimefupika:
kitanda hadi kiti, kiti hadi dirishani,
Ijumaa ya kwanza ya mwezi Ekaristi ikimjia yeye,
imepanda ngazi kwenye mfuko wa padre.
"Umesota juani, Bwana wangu?" huuliza,
sijui akimwambia nani kati ya wawili.

Jioni alinitaka nimsomee mihuri,
macho yake hayakuona tena wino.
Nilisoma, yeye akaitikia, nusu utani:
Bombei.
Utuombee.
Entebe.
Utuombee.
Lisboni, walikompotezea mwavuli.
Utuombee, na mwavuli.
Nikaichukua ile ya tatu, nikafungua,
nikafungua tena. Kurasa tupu zote,
zinanuka gundi.
Nikanyamaza, nikidhani amesinzia.

Utuombee, akasema.
Geuza.